Namba Kumi na Nne, Safu ya Tatu

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kubisha hodi mlango wa jirani. Nilitumwa nyumba namba kumi na nne, nikaikuta imefungwa, nikaenda namba kumi na tano, na majibu ya kumi na tano nikayaandika kwenye karatasi ya kumi na nne. Nilifanya hivyo mara kumi na tisa katika siku nane. Nawaandikia nyinyi mnaoichukua meza yangu hapa Mahajanga kwa sababu hakuna aliyenikaripia kwa kosa hilo. Nilisifiwa.

Nastaafu nikiwa na miaka thelathini na tano. Daktari amesema macho yangu hayatavumilia tena safu za tarakimu, na ofisi imenipa barua nzuri pamoja na kalamu ambayo sitaweza kuitumia sana. Kwa hiyo msiyasome haya kama maneno ya mzee aliyetulia. Mimi sijatulia. Hata ukurasa huu nimeuandika upya mara nne, na bado nauona umepinda.

Bendera ya nchi huru ilikuwa haijapauka kwa jua nilipoanza kazi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa vitu vitatu: penseli sita, kifutio, na mashine ya kukokotoa yenye mkono wa kuzungusha. Mashine ilikwama kila ilipofika kwenye saba. Karani aliyenitangulia alinionyesha mahali pa kuipiga ubavuni, akavaa kofia yake, akaenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu.

Shule niliiacha na cheti cha msingi. Hesabu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa nilichokinunua kwa muuza karanga. Alikuwa akikichana kufungia karanga zake, na nilipofika alikuwa amekwisha kuuza kurasa arobaini za mwanzo. Nilisoma zilizobaki hadi nikazijua kwa moyo. Miaka mingi baadaye nilikiona kitabu kile kile, kizima, kwenye kabati la mgeni mmoja, nikakifungua nikiwa nimesimama. Zile kurasa arobaini zilihusu namna ya kuchagua nyumba za kuuliza, na nini cha kufanya ukikuta mlango umefungwa. Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwa karanga zile. Mtaona hapa chini kwamba utetezi huo haufai.

Kazi yenyewe ilikuwa kukadiria kipato cha kati cha kaya katika kila wilaya, na kurudia kila baada ya miaka mitatu ili ijulikane kama kinapanda au kinashuka. Kipato cha kati si wastani. Ukitafuta wastani, meneja mmoja wa kiwanda anatosha kuwafanya wakata miwa mia waonekane wana nafuu. Kipato cha kati unakipata kwa kuzipanga nyumba zote mstari mmoja, kuanzia maskini hadi tajiri, kisha unamtazama yule aliyesimama katikati. Meneja akiongezwa mshahara mara kumi, yule wa katikati hasogei.

Nilifanya mazoezi kwetu Ampisikina, katika kichochoro chetu chenye nyumba kumi na moja. Mama yangu alikuwa akiuza mikate ya mchele na nazi, ile inayoitwa mokary, na alinitazama nikihesabu milango kwa kidole.

"Na mimi nimesimama wapi kwenye huo mstari wako?" aliuliza.

"Wa nne kutoka chini, mama."

"Nani kakwambia?"

"Nimekadiria. Hujataka kunijibu."

"Na sitakujibu. Ukija na karatasi nitakwambia biashara mbaya, kama ninavyomwambia mwenye nyumba." Akageuza mkate. "Mwanangu, huyo wa nane ana deni kubwa kuliko nyumba yake. Mrudishe chini."

Alikuwa sahihi juu ya wa nane.

Sasa nieleze kwa nini namba hiyo ilikuwa na uzito. Huko juu walikuwa wameweka kiwango. Wilaya ambayo kipato chake cha kati kingekuwa chini ya kiwango hicho, wanaume wake wangesamehewa nusu ya kodi ya kichwa kwa miaka mitatu, hadi uchunguzi mwingine. Nusu ya kodi ya kichwa kwa mkata miwa ni wali wa wiki nyingi. Mimi nililijua hilo. Liliandikwa kwenye barua niliyopewa, nami barua zote nilizisoma mara mbili mbili.

Nosy Be nilipelekwa nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Pale bandarini nilipokewa na Jaozandry, Msakalava wa makamo aliyekuwa karani wetu wa kisiwa. Hakuwa amesoma hata kitabu kisicho na mwanzo, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniita zandry, yaani mdogo wake, nami nikamwita zoky, kaka mkubwa, kama inavyopasa. Siku ya kwanza alinichukua nyumba tatu na kunikataza kufungua mdomo. Hakumwuliza mtu yeyote kipato chake. Aliuliza mnapika kapoaka ngapi za mchele kwa siku, na kapoaka ni lile kopo la maziwa ambalo kila mtu hupimia. Kisha akauliza kapoaka ngapi mwezi wa njaa, nani aliyenunua, na alitoka kufanya kazi gani alipokuwa na fedha hizo. Baada ya robo saa alikuwa na mwaka mzima wa nyumba ile, na mwenye nyumba alidhani walikuwa wakizungumza habari za chakula tu.

"Ukiuliza fedha wanaona kodi," aliniambia njiani. "Ukiuliza mchele wanaona mgeni anayetaka kubakishwa kula. Mgeni anaudhi kidogo tu."

Tuligawana kisiwa. Yeye alichukua vijiji vya kusini, Ambatoloaka na jirani zake, ambako kulikuwa na wavuvi tu siku zile na njia ilipita kwenye maji. Mimi, kwa kuwa mgeni, nilipewa Dzamandzar, penye kiwanda cha sukari, kwa sababu nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejengwa kwa safu na kuandikwa namba. Hata mtu wa mjini asingepotea. Usiku wa kuagana nilimwuliza:

"Zoky, nikikuta mlango umefungwa?"

"Andika umefungwa. Halafu rudi."

"Nikirudi nikaukuta bado?"

"Rudi tena. Siku zikikwisha, acha pengo."

"Pengo? Kwenye jedwali?"

"Ndiyo, pengo. Halitakuuma, zandry."

Liliniuma. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, na nautaja wazi ili anayeufahamu moyoni mwake ajihadhari. Siwezi kutazama kisanduku kitupu. Mpaka leo nikiona fomu yenye nafasi iliyoachwa wazi, mikono hunitoka jasho. Nilifika Dzamandzar katikati ya msimu wa kukata miwa, nikiwa na orodha ya nyumba na siku nane kabla ya chombo changu kurudi Mahajanga, na siku ya kwanza nikakuta milango minne imefungwa. Kila mmoja ulikuwa umeegemezwa ufito nje, ishara kwamba hakuna mtu ndani. Wa namba kumi na nne, safu ya tatu, ulikuwa mmojawapo.

Mlango wa kumi na tano ulikuwa wazi, na ndani mwanamke alikuwa akiimba kwa Kikomoro. Nyinyi ambao si wa jamaa zetu Wakomoro hamwezi kujua sauti hiyo ilikuwa nini kwa kijana aliyetoka kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Nilimwamkia kwa heshima, kwezi, naye akaitika mbona, kama desturi yetu, kabla hata hajageuka. Jina lake Echati. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, wa kudumu, mwenye mshahara wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe.

"Hawa wa kumi na nne wako wapi?" nilimwuliza.

"Tombo na mkewe? Utawapata ukija na panga." Akacheka. "Wanatoka hata kuku hawajaamka, mume anakata, mke anafunga mafungu. Wakirudi wanalala kama magogo. Unawatakia nini?"

"Maswali tu. Ya mchele."

"Basi niulize mimi. Mchele ni mchele. Kaa, unywe kahawa."

Nikakaa. Nikamwuliza vizuri kabisa, kama Jaozandry. Na nilipomaliza, karatasi ilikuwa safi kiasi kwamba sikuweza kuiacha ile ya kumi na nne tupu kando yake. Nikahamisha. Kesho yake nilifanya tena, kwenye safu ya tano, na sasa nakiri kwamba kila palipokuwa na majirani wawili nilikwenda kwa yule aliyeongea Kikomoro.

Fikirini nilichokuwa nikifanya. Katika msimu wa miwa, nyumba iliyofungwa ni ile ambayo kila mwenye mikono yuko shambani, kwa sababu mikono ya mmoja haitoshi. Nyumba iliyo wazi ni ile ambayo mshahara wa mume unamtosha mke kubaki nyumbani akaimba. Nilikuwa nawatoa maskini mstarini mmoja mmoja, na mahali pao nawasimamisha wenye nafuu. Yule wa katikati alikuwa akisogea juu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma, huku nikinywa kahawa.

Kila karatasi niliyoijaza kwa njia hiyo niliitia nukta ndogo ya penseli kwenye pembe ya chini kushoto. Sikumweleza mtu. Mtu anayeamini kazi yake ni safi hatii nukta.

Niliporudi Mahajanga, mkuu wetu alizipekua karatasi zangu akawaita wengine waje kuziona. Alikuwa mpole, na alipenda sana jedwali lisilo na pengo. "Tazameni," alisema, "kijana wa kujifunza mwenyewe." Karatasi za Jaozandry zilikuwa na mapengo sita. Niliona haya kwa niaba yake. Nilizungusha mashine siku tatu, nikaipiga ubavuni kila ilipofika saba, na kipato cha kati cha Nosy Be kikatoka juu ya kiwango kwa kidogo sana. Nyumba saba tu zilizo chini zaidi zingetosha kukishusha. Nukta zangu zilikuwa kumi na tisa. Hesabu hiyo niliifanya usiku ule ule, kichwani, kisha nikajiambia kwamba sikuifanya.

Kisiwa kililipa kodi nzima miaka mitatu.

Nilirudi Dzamandzar kwa uchunguzi wa pili. Safari hii msimu ulikuwa umekwisha na milango yote ilikuwa wazi, hata ya kumi na nne. Mwanamke mwembamba alikuwa kizingitini akipepeta mchele. Nilimwamkia, mbola tsara, akanijibu kwa Kisakalava kwamba jina lake ni Soazara, na akanionyesha mkeka. Ndani mwanamume alikuwa amekaa, mguu mmoja umenyooshwa mbele yake juu ya kigoda.

"Huyo ni Tombo," alisema. "Hakati tena."

Nilianza na mchele kama kawaida. Kapoaka nne mguu ulipokuwa mzima, mbili sasa. Nikauliza mguu uliumia lini, na akanieleza bila kupandisha sauti. Mwaka wa pili kodi iliwashinda. Tombo akachukua kibarua cha Jumapili kwa mjenzi mmoja, kupasua mawe ya msingi, ili apate ya kulipia. Jumapili ya tano jiwe likamwangukia. Kodi walikwisha kuilipa kufikia wakati huo, alisema, kana kwamba hilo ni jambo la kuniridhisha.

"Walisema nyinyi mtakuja kuandika, na kama tuna dhiki tutapunguziwa," alisema Soazara. "Mlikuja?"

"Tulikuja."

"Mliandika nini juu yetu?"

Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema, "Tuliandika hali ilivyo."

Wakati huo huo Echati akatokeza kichwa kutoka nyumba ya pili, amenenepa kidogo, amefurahi kwa moyo mweupe. "Kijana wa kahawa! Umerudi! Mwaka ule uliniandika mimi badala ya hawa, sivyo? Nikajibu mpaka nikachoka. Leo kahawa hupati, nenda kwa uliowaandika!"

Alikuwa akitania. Soazara aliacha kupepeta. Alimtazama Echati, akanitazama mimi, kisha akautazama ungo wake.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mume wa Echati ndiye aliyepaswa kulipa kodi yetu."

Tombo alicheka ndani, kicheko kifupi. Hakuna aliyenitukana. Nilimaliza maswali yote, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mwezi ule nilifanya kazi jinsi nilivyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilimwambia Jaozandry kila kitu, hata habari ya nukta. Akasema, "Vizuri, zandry. Sasa tunajua pa kuanzia." Tulizipita pamoja nyumba zote kumi na tisa, na majirani zao pia, tukauliza habari za msimu na za nje ya msimu, ili tofauti ionekane kwa tarakimu. Ilionekana. Kipato cha kati cha Nosy Be kilitoka chini ya kiwango, na hakikuwa chini kidogo.

Nilimpelekea mkuu. Aliweka namba mpya kando ya ile ya zamani, akavua miwani.

"Bakari, kisiwa hiki kimepoteza nini katika miaka mitatu? Kiwanda kinatoa moshi kila siku. Nchi inasonga mbele, na wewe unaniletea watu wanaorudi nyuma?"

"Hawakurudi nyuma, mheshimiwa. Labda namba ya kwanza ilikuwa na kasoro."

"Kasoro ya nani?"

Mlango ulikuwa wazi na wenzangu walikuwa wakisikiliza, wale wale walioitwa kuziona karatasi zangu. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu: yangu. Nilisema, "Nitaangalia tena."

Na hili ndilo kosa ambalo hasa nimekusudia kuliandika. La kwanza lilikuwa la kijana. La pili nililifanya nikijua. Nilizitoa zile karatasi kumi na tisa, nikaziweka za majirani mahali pao, kama mwaka wa kwanza. Nilijipa sababu nzuri: namba mbili za nyakati mbili zinalinganishwa tu zikipatikana kwa njia moja, na kitabu changu kilisema hivyo hasa, katika kurasa ambazo hazikuliwa na karanga. Mfululizo ukanyooka. Nosy Be ikaonekana imepanda kidogo. Mkuu akaridhika, na kisiwa kikalipa kodi nzima miaka mingine mitatu.

Jaozandry alikuja Mahajanga baadaye kwa shughuli zake, akapanda ngazi hadi ofisini. Jedwali lilikuwa limebandikwa ukutani. Alilisoma kwa kidole.

"Zile kumi na tisa ziko wapi?"

"Kwenye sanduku."

"Humu hazimo?"

"Hazimo, zoky."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Sawa, bwana," alisema. Tangu siku hiyo hakuniita zandry tena. Aliniita bwana, kwa adabu kamili, mpaka alipoacha kazi, na mbele ya watu hakuna aliyegundua kitu.

Nilisema neno lile katika uchunguzi wa tatu, kwa mkuu mpya, tena kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nilikwisha kushindwa. Kurasa nne. Nukta ndizo zilizoniwezesha: nilizitafuta kwenye karatasi za mwaka wa kwanza kwa kioo cha kukuzia, macho yakiwa yameanza kufifia, nikaziondoa zote kumi na tisa, nikaacha mapengo, kisha nikakadiria mapengo hayo kwa kutumia majibu tuliyoyapata mimi na Jaozandry safari ya pili. Karatasi za sandukuni nazo nikazirudisha kwenye hesabu ya pili. Namba zote mbili za zamani zilishuka chini ya kiwango. Mkuu mpya alizisoma kurasa zote nne bila kuinua kichwa.

"Unataka nifanye nini na kodi iliyokwisha kulipwa?" aliuliza.

Alitia sahihi, akaruhusu jedwali lisahihishwe. Nakala nilimpelekea Jaozandry kijijini kwake kwa mkono wa dereva. Dereva alirudi na ujumbe: "Mwambie bwana nimeiona."

Safari ile ya tatu nilikwenda mwenyewe safu ya tatu. Mlango ulikuwa umefungwa asubuhi, nikarudi mchana, nikarudi jioni. Nilimwambia Soazara yote, hata yale ya mkuu wa kwanza. Tombo alisikiliza akiwa ameegemea gongo lake.

"Kwa hiyo tulikuwa chini ya kiwango?" aliuliza Soazara.

"Ndiyo. Mara zote mbili."

"Tulijua," alisema. Akavuta mkeka. "Haya, uliza."

"Amuulize Echati kwanza," Tombo alisema, "asije akanuna."

Nimeulizwa na mmoja wenu kama kuna kilichobadilika tangu siku zile. Kipo. Kodi ya kichwa imefutwa nchi nzima, kwa sababu zisizohusiana na hesabu zangu. Fomu yenu ina kisanduku cha mlango uliofungwa, na karani hurudi mara tatu, kisha huacha pengo. Mashine mpya haikwami kwenye saba. Katika faili la Nosy Be namba mbili za zamani zimekatwa kwa wino mwekundu, za kweli zimeandikwa juu yake, na karatasi ya namba kumi na nne, safu ya tatu, sasa ina majibu ya Soazara.